Fizikia ya Mpemba, Cheche za Mlimani

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi huniomba orodha ya majarida. Wa sayansi ya siasa huomba majarida ya siasa, wa fani za sayansi huomba ya sayansi, na wote hutarajia majina matano au sita waondoke nayo. Orodha ya namna hiyo ni rahisi kuitoa, na faida yake ni ndogo. Jarida lina mwenye nalo, lina anayelilipia, lina mambo linayoyasema na mambo linayoyanyamazia, na msomaji asiyejua hayo husoma akiwa amefumbwa jicho moja. Kwa hiyo majarida ninayoyapenda nitayataja hapa, ila nitayataja kwa njia ya historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea katika miaka michache tu, tangu 1966 hadi 1970, katika miji ya Dar es Salaam na Kampala. Siasa na sayansi nitaziacha zichanganyike, kwa kuwa katika miaka hiyo ndivyo zilivyokuwa.

Naanza na maziwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, katika milima ya Usambara. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kutengeneza aisikrimu: huchemsha maziwa, huyachanganya na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa finyu na kila mmoja aliigombea. Siku moja mwenzake aliamua kutochemsha kabisa maziwa yake ili awahi. Mpemba, alipoona nafasi inakwisha, akayatia yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofaulu na kwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena. Mwalimu wa huko alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, kijana akikosea hesabu darasani, wenzake walimcheka kwa maneno hayo hayo. Ndipo akafika Iringa mgeni kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki, kuja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini?

Wanafunzi wenzake waliona aibu kwa niaba ya shule. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu jambo hilo, na aliporudi Mlimani alimpa kazi fundi wa maabara. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Katika historia yote ya elimu yetu sijaona kisa kifupi kinachoeleza vizuri zaidi maana ya kuamini kitabu kuliko macho.

Mwaka 1969 jarida la Physics Education, linalochapishwa Uingereza kwa ajili ya walimu wa fizikia, lilitoa makala yenye kichwa "Cool?" na majina mawili: E. B. Mpemba na D. G. Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori kule Mweka, Moshi. Makala yenyewe ni mafupi, na umbo lake si la kawaida. Sehemu ya kwanza anasimulia Mpemba kwa nafsi yake, pamoja na kejeli za walimu na vicheko vya darasani. Sehemu ya pili Osborne anaeleza majaribio na vipimo. Mhariri wa leo angekata sehemu ya kwanza yote, akisema haina data. Mhariri yule aliiacha, na kwa kuiacha alihifadhi ushahidi wa namna swali linavyoweza kuuawa kabla halijafika maabara.

Aristotle alikuwa amekwisha kuandika kitu cha aina hiyo, na Bacon na Descartes vilevile. Lakini jina lililobaki ni la kijana wa Magamba, kwa sababu yeye aliuliza wakati ambapo fizikia ilikuwa imeridhika na jibu lake. Na mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha katika Scientific Reports vipimo vilivyopinga kuwapo kwa jambo hilo katika maji, wakionyesha kwamba tofauti ndogo tu ya mahali kipimajoto kilipowekwa inaweza kumdanganya mtafiti. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wakatoa katika Nature makala kuhusu mfumo mwingine kabisa, wa chembe ndogo zilizo ndani ya kimiminika, ambamo athari ya Mpemba inaonekana wazi. Miaka zaidi ya hamsini ya mabishano, na kila mbishi analazimika kuonyesha alivyopima. Kwa sababu hiyo nampendekezea Physics Education hata mwanafunzi wa sheria.

Sasa tubaki Mlimani, mwaka ule ule wa 1969. Hatua chache kutoka maabara za fizikia, wanafunzi wa umoja wa kimapinduzi ulioitwa USARF, ambao mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Yoweri Museveni, walishirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU kuanzisha jarida lao. Waliliita Cheche. Halikuwa na mtambo wa kuchapia wala rangi. Lilipigwa taipu, likarudufiwa kwa stensili, likabanwa kwa pini na kuuzwa mkono kwa mkono. Katika wahariri wake alikuwamo Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, pamoja na Henry Mapolu na Zakia Meghji. Walter Rodney aliliandikia.

Toleo linalokumbukwa kuliko yote ni lile maalumu la 1970 lililobeba andiko la Issa Shivji, "The Silent Class Struggle". Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha. Mabenki na makampuni makubwa yalikuwa yametaifishwa, na hotuba zilisema kwamba njia kuu za uchumi ziko mikononi mwa wananchi. Shivji hakutukana mtu. Aliuliza tu: mikono ya nani hasa? Alitazama mikataba ya ubia na ya uendeshaji, akatazama ni akina nani walioketi katika bodi za mashirika ya umma, kisha akahoji kama utaifishaji ulikuwa umeukata uhusiano na mtaji wa nje au umeupa sura mpya, na kama hapakuwa na tabaka jipya la watawala linaloota katika ofisi za mashirika hayo. Yale yalikuwa majaribio ya maabara kwa namna yake: chukua dai rasmi, lipime, andika ulichokiona.

Novemba 1970 Cheche ilipigwa marufuku na USARF ikavunjwa. Sababu iliyotolewa inahusu lugha, na inastahili kutafakariwa. Ilielezwa kwamba jina hilo linafuata Iskra, gazeti la Lenin, na hivyo linawafanya watu wadhani kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa kuazima badala ya Ujamaa wake yenyewe. Jarida liliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili safi lililokuwa juu ya jalada ndilo lililohukumiwa kuwa la kigeni. Vijana waliendelea chini ya Umoja wa Vijana wa TANU na jarida jipya, nalo wakaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna aliyeweza kudai kwamba limetoka Urusi.

Hirji alikuja kuwa profesa wa takwimu za tiba, akafundisha Muhimbili, na mwaka 2010 akahariri kitabu cha kumbukumbu za jarida lile, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota. Namtaja kwa wanafunzi wangu wa siasa wanaodhani hesabu haiwahusu, na kwa wale wa hesabu wanaojivuna kwamba siasa ni kelele.

Kampala walikuwa na jarida la aina nyingine. Transition lilianzishwa mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana wa miaka ishirini na ushei aliyezaliwa Uganda katika familia yenye asili ya Kibengali. Kama Cheche ilikuwa na mstari wake wa itikadi, Transition halikuwa na mstari wowote isipokuwa kupenda ugomvi ulioandikwa vizuri. Mwaka 1963, katika toleo la 10, Obi Wali wa Nigeria alidai kwamba fasihi ya Kiafrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya haina inakokwenda. Mwaka 1966, muda mfupi baada ya Nkrumah kupinduliwa, Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, alimwita Nkrumah mfalme wa Kirusi mwenye ilani ya Lenin, na barua za hasira zikamiminika. Mwaka uliofuata Mazrui huyo huyo akatunga neno "Tanzaphilia", akiwasuta wasomi wa Magharibi waliokuwa wameipenda Tanzania kiasi cha kushindwa kuihoji. Ukurasa wa barua wa Transition, kwa maoni yangu, ulikuwa bora kuliko makala yake mengi.

Hapa pana doa ambalo sitaki lipite. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba Congress for Cultural Freedom, shirika lililokuwa likifadhili majarida katika nchi nyingi, lilikuwa likipokea fedha za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Transition lilikuwa miongoni mwa waliofadhiliwa. Neogy alisema hakujua, na sina sababu ya kutomwamini. Hata hivyo swali halikumhusu yeye peke yake. Je, makala ya Mazrui dhidi ya Nkrumah yanapungua ukweli kwa sababu ya fedha zilizolipia karatasi? Sidhani. Lakini mfadhili hana haja ya kumwambia mhariri aandike nini. Inamtosha kuchagua ni mhariri yupi apate karatasi na yupi akose. Cheche, iliyokuwa maskini na yenye mstari mkali, na Transition, lililokuwa huru katika kurasa zake na lenye deni lisilojulikana katika vitabu vyake vya hesabu, yasomwe pamoja.

Kilichoiua Transition ya Kampala hakikuwa kashfa hiyo. Lilikuwa limechapisha maandishi ya mbunge Abu Mayanja, aliyepinga mapendekezo ya katiba ya Obote, na baadaye barua yake iliyogusa uteuzi wa majaji Waafrika. Oktoba 1968 Mayanja na Neogy walikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi. Mapema mwaka 1969 mahakama iliwaona hawana hatia. Serikali ikawazuia tena bila kesi. Neogy alipoachiwa, aliondoka nchini. Jarida lilifufuka Accra mwaka 1971, baadaye likapita mikononi mwa Wole Soyinka, likazimika 1976, na tangu 1991 limekuwa likitoka Marekani. Jarida la leo ni zuri na jalada lake linapendeza, ila halina tena waziri wa karibu wa kumkasirisha.

Kuhusu majarida makubwa ya ulimwengu nitasema kwa ufupi, maana hayahitaji mpiga debe. Nature lilianza tarehe 4 Novemba 1869 chini ya Norman Lockyer, na nchi yetu imo katika kurasa zake kwa namna inayofundisha. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu pale Olduvai. Tarehe 15 Agosti makala yalikuwa yamekwisha kutoka katika Nature, na Zinjanthropus alikuwa amepewa jina linalotokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu. Chini ya makala palikuwa na jina moja, la Louis Leakey. Miaka 20 baadaye, makala kuhusu nyayo za Laetoli yalipotoka mwaka 1979, jina la Mary lilikuwa la kwanza, pamoja na la Richard Hay. Msomaji ajizoeze kutazama majina, na kuuliza ni nani aliyechimba ambaye jina lake halipo.

Ajizoeze pia kutoabudu. Wanafunzi hutamka maneno "limepitiwa na wataalamu" kama dua. Nature halikufanya mapitio hayo kuwa sharti la kila makala hadi 1973. Makala mashuhuri ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA hayakupitia mlango huo. Mapitio ni kitu chema, lakini ni desturi changa na yaendeshwa na binadamu.

Shida kubwa zaidi ya siku zetu ni fedha. Novemba 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza kwamba mwandishi anayetaka makala yake yasomwe bure na kila mtu atalipiwa ada ya Yuro 9,500. Asiyelipa anaweza kuchapishwa bila ada, lakini msomaji ndiye atakayelipia mlangoni. Kwa mhadhiri wa chuo cha kwetu ada hiyo ni mshahara wa miezi kadhaa. Kwa kijana wa Magamba ni hesabu isiyo na maana yoyote. Udhibiti wa 1970 ulikuja na barua ya serikali, na mtu aliweza kuijibu. Huu wa sasa huja na ankara.

Kwa sababu hiyo nalipenda zaidi Review of African Political Economy. Lilianzishwa mwaka 1974, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo Lionel Cliffe, aliyekuwa amefundisha Dar es Salaam, na Ruth First, ambaye utawala wa makaburu ulimuua kwa bomu la barua mjini Maputo mwaka 1982. Kwa miaka mingi jarida hili lililoandika juu ya unyonyaji wa Afrika lilifungiwa ndani ya uzio wa malipo wa kampuni kubwa ya uchapishaji. Mwaka 2024 lilijitoa, na sasa husomwa bure. Hatua hiyo ilihitaji ujasiri, na kwangu inatosha kulirudisha juu ya orodha.

Anayetaka jarida moja ambamo siasa na sayansi haziwezi kutenganishwa hata kwa kisu, asome Bulletin of the Atomic Scientists. Lilianzishwa Chicago Desemba 1945 na wanasayansi waliokuwa wameshiriki kutengeneza bomu la atomiki na wakashtushwa na kazi ya mikono yao. Saa maarufu iliyo katika jalada lake ilichorwa na Martyl Langsdorf mwaka 1947, ikionyesha dakika saba kabla ya usiku wa manane. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchi ambayo watu wake husema Kiswahili. Nimeona insha nyingi za wanafunzi kuhusu Hiroshima. Shinkolobwe hutajwa kwa nadra.

Na Kiswahili chenyewe? Tunalo jarida gani? Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923. Lilikuwa mali ya Idara ya Elimu ya serikali ya mkoloni na mipaka yake ilijulikana, lakini ndani yake mlikuwa na kilimo, afya, historia, habari za wilayani, na mashairi, yakiwamo ya Shaaban Robert. Mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha gazeti la Kwetu ili kusema yale ambayo Mambo Leo halingeweza kuyasema. Leo majarida ya lugha na fasihi tunayo, na mengine ni mazuri sana. Jarida la Kiswahili ambamo mwanafizikia na mchambuzi wa mikataba ya madini wanabishana mbele ya msomaji wa kawaida, hatuna. Kisa cha maziwa ya Magamba kilichapishwa kwa Kiingereza, uchunguzi wa Shivji kuhusu mashirika ya umma ulichapishwa kwa Kiingereza, na hata dai la Obi Wali kwamba lugha hiyo ni njia isiyo na mwisho lilichapishwa kwa Kiingereza. Waliohusika hawakosi sababu. Lakini mkulima aliyeambiwa kwamba mashirika yale ni yake hakupata nafasi ya kuandika barua kwa mhariri.

Matoleo ya zamani ya Transition yamewekwa JSTOR, na maktaba nyingi za vyuo zina njia ya kuyafikia. Aanzaye aanze na toleo la 10, asome makala ya Obi Wali, kisha afungue kurasa za barua katika matoleo yaliyofuata, ambamo Ezekiel Mphahlele na Soyinka wanamjibu bila huruma. Halafu asome "Cool?" ya Mpemba na Osborne, na baada yake makala ya 2016 yanayoipinga. Yote hayo ni kazi ya jioni mbili.